Pumzi Uliyoikata

Kaka yangu Masele,

Shikamoo. Najua utaitikia hata kama umekasirika, maana mayu, mama yetu, hakutulea tuwaachie watu salamu zao mikononi. Nimekupigia simu, haipatikani. Nimemtuma yule dereva wa lori anayepita Mwanza kila wiki, amerudi anatikisa kichwa. Halafu juzi nikakusikia redioni. Mtangazaji alikuuliza wimbo wetu ulipokelewaje nyumbani, nawe ukamjibu kwamba watu wa nyumbani waliupiga vita, kisha wakamwacha baba yako afe shimoni huku wanamsikia mama yako akiita. Umesema hadharani, na mimi nakujibu hadharani. Barua hii nimeiweka kwenye kundi la mashabiki wetu, na nyingine nimeibandika kwenye mlango wa duka langu, ili wanzengo, hao majirani zetu uliowatukana, waisome wakija kuchaji simu.

Sikuandikii kukugombeza, ingawa hasira ninayo. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo la siku ile hulijui. Na kwa sababu mayu anaishi peke yake karibu na yale mashimo ya wachimbaji, amekataa kupaza sauti tena, na mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa.

Niruhusu nianzie mbali kidogo.

Unaikumbuka kompyuta yako ya kwanza, ile uliyoitoa Kahama ikiwa haina kitufe cha herufi M? Uliibeba imefungwa kwenye khanga ya mayu, ukaiweka juu ya gunia la pamba, ukatuambia sasa tuna studio. Baba akaja kuiangalia, akaigonga kwa kidole mara mbili, akauliza ngoma zenyewe ziko wapi humo ndani. Jina la bendi yetu ni yeye aliyetupa bila kujua. Kila tulipowasha betri ya sola alisimama mlangoni na kusema, angalieni hizo nyaya mbili zisigusane. Tukajiita Nyaya Mbili, wewe na midundo yako, mimi na kinanda changu kidogo cha betri, na kuku wakiingia na kutoka katikati ya kurekodi.

Tulitaka sauti ambayo hakuna mtu wa Dar aliyekuwa nayo. Ulirekodi cherehani, ukarekodi karasha za wachimbaji zikisaga mawe kule Bugarama, ukarekodi hata ng'ombe wakinywa maji. Kisha siku moja ukasema unautaka mwano wa mayu.

Kwa wanaosoma hapa na si wa huku kwetu, mwano ni yowe la kuomba msaada. Mwizi wa ng'ombe, moto, fisi zizini, mtu kazama kisimani, anayeona anapiga mwano, na kila anayesikia anaacha alichoshika na kukimbia. Huulizi kuna nini, unauliza ukishafika. Asiyekwenda anaitwa kujieleza mbele ya wanzengo. Na anayepiga mwano bila sababu anatozwa faini, hata awe nani. Mayu alijifunza wa kwake utotoni Kishapu, kwa bibi yetu, wakati wa wezi wa mifugo. Ni sauti tatu ndefu, na kati ya moja na nyingine anavuta pumzi, pumzi nzito yenye mkwaruzo, unaisikia hata ukiwa mbali.

Alikataa kuturekodia. Alikuwa anapepeta choroko, hakuinua hata uso, akasema hawezi kuwaita watu kwa uongo. Ulimbembeleza siku tatu. Ya nne ukanyamaza, nikadhani umekubali yaishe.

Kumbe ulikuwa unasubiri. Siku jiko la Mama Sayi liliposhika moto, mayu alitupa ungo akapiga mwano palepale uani. Watu wakatoka kila upande na ndoo, na majembe, na matawi mabichi. Nyumba ya Mama Sayi ipo hadi leo kwa sababu ya mbio zile. Lakini watu wawili hawakukimbia, Masele. Mmoja ni wewe, uliyekuwa umeinua simu hewani. Wa pili ni mimi, niliyetandaza khanga yangu mbele yako kukinga upepo usiingie kwenye simu. Tulisikiliza mpaka mwisho. Uliponitazama ulikuwa unacheka kwa furaha, na mimi nilicheka.

Ulikaa nayo siku mbili, spika za masikioni zikikuminya. Ulikata, ukaunganisha, ukapunguza huku ukaongeza kule. Uliponisikilizisha nilisisimka mwili mzima. Sauti tatu za mayu zikifuatana bila kukatika, moja inaingia ndani ya nyingine, na ya tatu ikiisha tu ngoma inadondoka. Nikakuuliza pumzi zimekwenda wapi. Ukaniambia umezifuta, pumzi zinakula mdundo. Faili ukaliandika "wano" kwa sababu ya kile kitufe, na mimi nikacheka tena. Nilicheka sana mwaka ule.

Tulipompigia mayu wimbo wake, alishika jembe na kuinuka kabla sauti ya pili haijaisha. Kisha akatuona tumekaa tunamtazama, akalirudisha jembe ukutani taratibu.

"Huyo si mimi," alisema. "Mimi huwa napumua."

Baba ndiye aliyeuliza, watu wakisikia hiki kitu njiani watafanyaje. Ukamwambia neno moja, kwa upole kabisa, ukiwa unakunja waya mkononi.

"Watazoea."

Nimelifikiria sana neno hilo. Ulilisema kama mtu anayemtuliza mzazi. Mimi mwenyewe nililiona la busara.

Siku ya kwanza hawakuzoea hata kidogo. Unaukumbuka mnada wa Kharumwa, tulipomwomba yule muuza dawa za panya atuazime spika yake dakika tano? Sauti ya kwanza ilipotoka, mnada mzima ulisimama. Ya pili ilipotoka, wakaja. Fundi cherehani na utepe wa kupimia shingoni. Wanaume wa ng'ombe na fimbo zao. Mama mmoja na mwiko unaodondosha uji. Wamezunguka spika wanahema, wanatafuta mwizi, na ngoma ikaingia. Sijawahi kuona nyuso za watu zikibadilika namna ile. Tulikimbia na kinanda kichwani.

Jioni hiyohiyo tukaitwa. Mzee Luhende, kiongozi wa wanzengo, yule fundi baiskeli mwenye vidole vyeusi kwa grisi, hakupayuka. Alikuuliza nani alikuwa anaibiwa. Ukasema hakuna, ni wimbo tu. Akauliza nani alikuwa anaungua. Ukasema hakuna. Baba akatoa beberu wake mwekundu, akachinjwa akaliwa, mambo yakaisha kwa desturi. Tulipokuwa tunaondoka mzee akakuita tena, nami nilikuwa nyuma yako.

"Kijana, sisi tutaacha kukimbia. Si kwa chuki. Miguu itachoka tu."

Beberu ndiye aliyeutangaza wimbo. Kila kijana wa Nyang'hwale alitaka kuusikia wimbo uliomponza baba wa watu akatoa beberu. Dukani kwangu walipanga foleni niwawekee kwenye memori. Madereva wakaupeleka Kahama, wachimbaji wakaupeleka Bugarama, wakaupiga hata kule maporini ambako redio haifiki. Kisha redio nazo zikaupiga. Maharusi wakaanza kuingilia ukumbini kwa mwano wa mayu, bwana harusi anacheza kwa kurukaruka kama anayemfukuza mwizi, wageni wanashangilia. Vijana wakauweka uwe mlio wa simu. Mama anapigiwa na mwanawe aliye machimboni, simu inalia mwano, naye anaipokea akicheka.

Mayu alikuwa akipita sokoni na kapu lake, sauti yake inatoka kwenye kila kibanda, hakuna anayemwangalia. Nilimwuliza mara moja anajisikiaje. Akasema anajisikia kama mtu aliyekwisha kuzikwa watu wakabaki na nguo zake. Nilikasirika, nikamwambia aache kujitabiria mabaya. Sikukusimulia hilo, ulikuwa na shughuli nyingi.

Dalili zilikuwepo. Watu walioiba ng'ombe wa Bibi Nshoma walikuja mchana kweupe. Bibi alipiga mwano mpaka sauti ikamkauka, wakatokea watu wanne. Wengine walisema walidhani kuna harusi kwa jirani. Ng'ombe wote sita wakaenda. Nilikupigia simu kukuambia, wewe uko kwenye onyesho, nyuma yako nawasikia watu wakiimba. Ukasema, pole kwa bibi, lakini ni mwanzo tu, watazoea kutofautisha. Nikasema ndiyo. Nilitaka iwe ndiyo, kaka. Nilikuwa nimeagiza kinanda kipya.

Sasa nifike kwa baba.

Yale uliyoyasikia msibani ni ya kweli, ila hayajakamilika. Pembeni mwa shamba letu wachimbaji walikuwa wameacha duara, shimo lao la zamani, na ndani kulikuwa na matimba, ile miti ya kuegemezea kuta. Baba aliyataka kwa ajili ya zizi. Ilikuwa siku ya gulio, saa tisa hivi, jua kali. Alijifunga kamba kiunoni, mayu akashika upande wa juu, akaizungusha mgongoni na kukanyaga gogo. Alipong'oa mti wa tatu ukuta ukamwaga udongo, ukamfunika hadi kifuani. Alikuwa hai. Alikuwa anaongea. Alimwambia mayu asilegeze, kwa sababu kila kamba ilipolegea kidogo alizidi kudidimia.

Mayu hakuweza kuondoka. Hakukuwa na kisiki cha kufungia, hakukuwa na mtu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamba. Alibaki na sauti tu.

Msibani ulisimama mbele ya watu wote ukawauliza, hamkusikia? Mlikuwa wapi? Hakuna aliyekujibu. Ukawaita wauaji, na kabla matanga hayajaanuliwa ukapanda gari ukaenda. Ulidhani walinyamaza kwa sababu wana hatia. Walikuwa na yao, sikatai. Lakini Mzee Luhende alinyamaza kwa sababu yangu.

Alikuwa dukani kwangu saa ile. Alikuwa ameleta simu yake ichajiwe, amekaa kwenye lile benchi, anasubiri. Kutoka dukani hadi shambani ni mwendo wa kutafuna muwa mmoja. Gulio lilikuwa limechangamka, spika zinapiga kila upande. Sauti ya kwanza ikaja. Mzee akainua kichwa. Ikaja pumzi, ule mkwaruzo, na sauti ya pili. Mzee akasimama.

"Mbona kama mama yako?" aliniuliza.

Nilikuwa naingiza nyimbo kwenye kadi ya mteja, sikuinua hata macho. Nikajibu.

"Ndiye yeye, mzee, si ndiye aliyeimba? Kaa tu. Hiyo ni kopi mbovu, hawajakata pumzi."

Akakaa. Nisome vizuri, Masele. Mzee yule alikuwa amesimama, mguu mmoja umeshatoka kivulini, nami nikamkalisha. Alikaa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najua wimbo. Wengine waliokuwa karibu walinisikia, na wao wakakaa. Sikio langu lilikuwa zuri kuliko la mtu yeyote gulioni pale. Niliisikia pumzi ya mama yangu waziwazi, nikaiita kasoro. Nilikuwa hata nimeanza kuchukia, nikijiuliza nani ametuibia kazi yetu na kuisambaza haijasafishwa.

Kilichonishtua ni ngoma. Sauti ya tatu iliisha, nikangoja ngoma idondoke. Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kuhesabu. Haikudondoka. Ikaja pumzi tena, na sauti ya nne. Kwenye wimbo wetu hakuna ya nne. Ikaja ya tano, ya sita, nyembamba, zimepasuka. Nikamtazama Mzee Luhende, naye akanitazama, na sote tukajua.

Nilikimbia bila viatu. Nilipofika mayu alikuwa bado amekanyaga gogo, kamba imemkata viganja, damu inashuka viwikoni, na kamba imenyooka kabisa. Nilichungulia. Udongo ulikuwa umeshafika juu ya kichwa. Mayu aliendelea kuishika mpaka watu wakachimba kumfikia, na hata hapo ilibidi tumfungue vidole kimoja kimoja. Hakuwa analia. Alinitazama miguu yangu iliyojaa vumbi, akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema dukani. Hakuuliza tena.

Hilo ndilo nililokuficha. Mzee hajamwambia mtu. Ulipokuwa unawatukana pale msibani, alinitazama mimi, akasubiri, nami nikajifunika khanga usoni kama mfiwa. Kila anapoleta simu yake sasa anakaa kwenye benchi lilelile, anasubiri. Nadhani anasubiri hii barua.

Tangu siku hiyo mayu hapazi sauti. Kuku wake anawaita kwa kugonga kopo. Akinitaka ananitumia mtoto wa jirani, hata nikiwa uani kwake. Nimemwambia ahamie kwangu, amekataa, anasema hawezi kumwacha baba peke yake na wachimbaji. Maana wamerudi, kaka. Mvua za mwaka jana zilifukua mawe yenye dalili za dhahabu, wakachimba mashimo mengine mawili, la mwisho lipo hatua ishirini kutoka kwenye ukuta wa chumba chetu cha zamani. Ukuta una ufa tangu mwezi uliopita. Mwanzoni kidole hakikupenya, sasa kinapita. Mchana, watu wakinyamaza, unasikia udongo ukimwagika kidogo kidogo chini ya sakafu. Nimemwuliza mayu, ukisikia umezidi utafanyaje? Utapiga mwano? Akasema hana tena kitu cha kuitia watu. Wewe na mimi tumekichukua, tumekigawa kwenye simu zao, na simu hazipigi mbio.

Ulisema redioni kwamba unatoa toleo la pili, la huzuni, kwa kumbukumbu ya baba, na kwamba umeirudisha ile sauti ya mayu ikiwa kamili, pumzi na vyote. Nakuomba usilitoe. Nakuomba kwa jina la aliyetuzaa. Watu wakizoea na pumzi, sisi hapa tutakuwa hatuna hata hicho kidogo cha kutofautishia. Ile ya kwanza najua haitoki tena, ipo kwenye simu ambazo hatutaziona kamwe. Hii ya pili bado ipo mkononi mwako.

Na uje. Tuwaite wanzengo, tusimame wawili, tuseme tulipiga mwano wa uongo na tukasikia wa kweli tusikimbie. Makosa yote mawili ni yetu. Nina mbuzi, nimeshamtenga. Huenda wakatusamehe, huenda wasitusamehe, lakini wakisikia kutoka kwetu huenda wakajifunza upya kukimbia kwa ajili ya mayu. Sina njia nyingine.

Nilijaribu moja, nayo nikuambie, kisha nikuache. Nilisema kama mayu hawezi, basi mimi ni binti yake, niurithi mwano, niwe nausikiliza ule ufa badala yake. Juzi mchana nilikwenda katikati ya shamba la pamba, nikasimama, nikavuta hewa mpaka mbavu zikauma, nikapiga. Zilitoka sauti tatu, nzuri, zimefuatana bila kukatika, moja ndani ya nyingine. Hazikuwa na pumzi. Nimeusikia wimbo wako mara nyingi kuliko nilivyomsikia mama yangu, na koo langu limeshika wako.

Nikasimama pale kusubiri kama kuna atakayekuja. Mayu alikuwa uani na ungo wake, hakugeuka. Kule barabarani kulikuwa na watu wanapita, na ya tatu ilipoisha, mmoja wao akapiga makofi, sawasawa pale ngoma inapoingia.

Njoo kabla mvua haijakolea, kaka. Ukishuka stendi usitume ujumbe kwamba umefika, njoo moja kwa moja kwa mayu, na ukikuta ananong'ona, usimwambie aongeze sauti.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja, niliyekukingia upepo,

Kabula